Ardhi Iliyozidi

Nilikwama hatua ishirini na saba kutoka mlangoni kwangu, mama yangu akiwa mgonjwa ndani, na sikuruhusiwa kurudi. Serikali haikuwa na ubaya wowote na mimi. Ilinieleza hivyo mara nyingi, kwa kipaza sauti.

Jina la nchi yetu silitaji kwa sababu linabadilishwa mwezi ujao, na jina jipya bado ni siri. Inatosha kujua kwamba ni nchi yenye maeneo ya kila hadhi. Kuna Mikoa Kamili, ambako watu wanapiga kura na kura zinahesabiwa. Kuna Mikoa Karibu Kamili, ambako watu wanapiga kura. Kuna Maeneo Tegemezi, ambayo yanaitegemea serikali, na Maeneo Yanayotegemewa, ambako serikali inachimba dhahabu. Kuna pia kisiwa kimoja kilichopewa hadhi ya Rafiki wa Hiari, na askari mia mbili wanakaa huko kuangalia kwamba hiari haipungui.

Mimi ni mwashi, naitwa Ngwatu. Shule niliacha darasa la tano. Kijiji chetu cha Kizimbwi kiko katika Mkoa Kamili, na kijiji cha Lusonga, alikozaliwa mke wangu, kiko katika Eneo Tegemezi. Mpaka uko wapi hatukujua, wala hatukuuhitaji. Tulikuwa na njia, na njia ilikuwa inatosha.

Mwezi wa nne ofisi ya ramani ikaleta wapimaji wawili. Mmoja alianza kutoka mashariki na kamba ya nailoni, mwingine kutoka magharibi na kamba ya katani. Kila mmoja alipewa kuhesabu urefu wa kamba yake mara mia nne. Wakimaliza wangekutana, wapeane mikono, wapigwe picha. Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Sasa mwashi yeyote atakuambia kwamba kamba ya katani ikilowa hujikunja ikawa fupi, hata kama ni mali ya serikali. Yule wa mashariki alimaliza kamba zake mia nne akasimama nyuma ya nyumba yangu. Yule wa magharibi alimaliza za kwake akiwa bado yuko kwenye mihogo, hatua sitini mbele. Wakapungiana mikono kwa mbali. Picha ikapigwa hivyo hivyo.

Nilimfuata yule wa karibu. "Bwana mpimaji, kamba ya mwenzako imelowa. Ianikeni, mrudie."

"Umesoma mpaka wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia. Akaandika jina langu, sijui kwa nini.

Wiki iliyofuata alikuja Mheshimiwa Gaudensi Mtupila na magari sita. Alipanda juu ya boneti la gari la kwanza, akajifuta jasho, akasema:

"Ndugu wananchi, kuna watu wanapita wakisema kamba ya serikali imepungua. Kamba ya serikali haipungui. Ardhi ndiyo iliyozidi. Na serikali sikivu, serikali yenye uchungu, haiwezi kuitupa ardhi kwa sababu tu imezidi. Tutailea. Tutaipa hadhi yake."

Tukapiga makofi. Ni kweli ilikuwa ardhi nzuri, ina mihogo.

Zile hatua sitini zikaitwa Eneo Lisilo na Hadhi kwa Sasa. Mheshimiwa Mtupila akateuliwa kuwa Msimamizi Mkuu wake. Ikapata bendera, lakini bendera ilishonwa pana kuliko eneo, upepo ukivuma ncha yake inaingia Mkoa Kamili bila kibali, kwa hiyo ikafungwa kamba kwenye mlingoti. Ikapata wimbo wenye beti mbili. Ubeti wa pili ulifutwa kwa sababu ya udogo wa eneo.

Kilikosekana kitu kimoja. Sheria yetu inasema eneo haliwi eneo mpaka liwe na wakazi watatu. Chini ya hapo ni shamba, na shamba halina Msimamizi Mkuu, halina magari sita. Mheshimiwa akaweka askari mmoja kwenye mstari, Afande Kibasa, na filimbi. Akamwambia asubiri mpaka watu watimie.

*

Sasa nieleze nilivyoingia, maana watu wa mjini husikia wakadhani nilikuwa mjinga.

Kwetu mgeni husindikizwa. Na msindikizaji hageuki mpaka mgeni mwenyewe amwambie rudi. Ukigeuka kabla, ni kama umemwambia nenda zako. Hiyo ni mila ya kwanza. Ya pili, kwetu mwanamume hasemezani na mama mkwe wake. Hamtazami usoni, wala yeye hamtazami. Akiwa na neno anampa mtu wa tatu alifikishe, hata kama wote watatu wamesimama chini ya mwavuli mmoja. Mila hizi mbili hazijawahi kugombana, kwa sababu siku zote mke huja pamoja nasi. Mama mkwe anafika mahali anamwambia binti yake, "Mwambie mwenzio arudi." Mke ananiambia. Narudi.

Jumapili ile mama mkwe wangu, Bi Tumpe, alikuja kumjulia hali mama yangu, Bi Kalunde, aliyekuwa na ugonjwa wa kifua na miguu. Alipoaga nikafunga kamba mbuzi wa kumpa. Mke wangu, Mama Sijaona, alikuwa anamnywesha mama uji. Akasema, "Tangulieni, nawafuata." Mama akapaliwa. Mke wangu hakutufuata.

Bi Tumpe alitangulia mbele. Mimi nyuma hatua kumi, na mbuzi. Tukapita nyuma ya nyumba. Tukapita kigingi cha mpimaji. Kila baada ya hatua chache alipunguza mwendo, akasikiliza kama binti yake anakuja. Mimi nikapunguza mwendo, nikasubiri kuambiwa rudi. Nani wa kuniambia? Tukaingia kwenye ile ardhi iliyozidi kwa adabu kubwa sana. Afande Kibasa alituangalia tu. Tulikuwa wawili.

Ndipo kutoka upande wa Lusonga akatokea Makoye, muuza mkaa, na baiskeli yenye magunia mawili. Bi Tumpe akashukuru Mungu kwa sauti.

"Baba wa mkaa," akamwita, "hebu nisaidie, mwambie huyo mkwe wangu arudi, mama yake mgonjwa."

Makoye akafunga breki, akashuka, akanigeukia. "Kaka mwashi, unaambiwa urudi."

Filimbi ikalia.

"Hakuna kurudi," alisema Afande Kibasa. "Mmetimia."

*

Amri ya kutangaza eneo ilikuwa imepigiliwa misumari kwenye ubao katikati ya mihogo, kurasa tatu, kwa Kiingereza. Tulimuuliza Afande inasemaje.

"Mimi niliagizwa niilinde," akasema. "Sikuagizwa niisome."

Mheshimiwa alipokuja tulimwomba atufasirie. Alituangalia kwa huruma. Akasema amri ikifasiriwa inakuwa amri nyingine, na amri nyingine lazima ipite bungeni, na bunge liko likizo kwa sababu jengo lake limebadilishwa hadhi. "Lakini msiseme serikali inawaficha," akasema. "Serikali itawafundisha. Mtaisoma wenyewe."

"Mheshimiwa," nikamwambia, "mama yangu anaumwa. Mlango ule pale. Kila asubuhi mimi ndiye namwinua kumtoa juani."

"Mlango gani?"

"Ule wa bluu."

"Ule uko nchi nyingine kihadhi," akasema. "Pole sana."

Kwa hiyo tukakaa. Bi Tumpe alichukua upande wa magharibi wa eneo, mimi wa mashariki, Makoye na mbuzi katikati. Tulipewa turubai tatu na uji wa serikali. Makoye aliteuliwa kuwa Waziri wa Nishati, kwa sababu ya yale magunia mawili. Mbuzi hakuandikishwa. Alikuwa ametoka kwangu na hajafika kwa Bi Tumpe, na wataalamu walishindwa kuamua ni wa nani.

Mawasiliano na nchi za nje yaliruhusiwa mara mbili kwa siku. Nchi za nje maana yake mke wangu. Alisimama kwenye kigingi na ndoo yake, Afande katikati yetu na saa mkononi.

"Baba Sijaona, mama anakuita."

"Mwambie niko hapa."

"Nimemwambia. Anasema mtu aliye hapa haitwi."

"Mmemtoa juani?"

"Amekataa. Anasema mgongo wake una mtu wake. Jana Sijaona amejaribu kumshika, amemfinya."

"Mwambie nakuja."

"Hilo nimechoka kumwambia," akasema mke wangu. "Njoo umwambie mwenyewe."

"Muda umekwisha," akasema Afande.

Kuta za ile nyumba nilizijenga mwenyewe. Najua dirisha la chumba cha mama lilivyo, nililiweka chini kwa makusudi ili aone njia. Mchana nilikuwa naona mkono wake juu ya dirisha. Usipoonekana najua amelala. Ukionekana najua ananitafuta.

*

Mwalimu aliletwa siku ya nane. Aliitwa Skola, msichana mpole, na kitabu chake kiliitwa Kiingereza cha Maeneo, Hatua ya Kwanza. Tulikaa chini ya turubai la Makoye tukasoma kwa kuitikia. Alituambia maana kwanza, kisha tukaimba kwa Kiingereza. Hili ni eneo. Hili ni eneo tegemezi. Je, eneo hili ni tegemezi? Ndiyo, eneo hili ni tegemezi. Je, eneo hili linafurahi? Ndiyo, eneo hili linafurahi sana.

"Mwalimu," akauliza Makoye, "nikitaka kusema halifurahi?"

"Hilo liko Hatua ya Nne," akasema Mwalimu Skola. "Kitabu chake bado hakijachapwa."

Nilimwomba atusomee ule ubao, tuokoe muda. Uso ukamwiva. Alikuwa amesaini karatasi kwamba hatasoma chochote ambacho hakimo kitabuni. Ana mdogo wake anasoma kwa mshahara ule. Sikumlaumu.

Mimi herufi zilinikimbia kama zilivyonikimbia zamani. Makoye alisoma kwa vicheko. Lakini Bi Tumpe, mama wa miaka sitini na kitu, aliyekuwa hajashika kalamu tangu aandike jina kwenye cheti cha ndoa, alikishika kile kitabu kama mtu anayedai. Alisoma akichambua maharage. Alisoma akifua. Alikuwa akisimama mbele ya ubao saa nzima na kidole, akilinganisha neno na neno. Na mimi nikikosea darasani alikuwa hasemi na mimi, anasema na Afande.

"Afande, mwambie huyo fundi, neno hilo alilisoma vizuri jana. Leo limemkosea nini?"

Afande alinigeukia. "Fundi, unaulizwa neno hili limekukosea nini."

"Mwambie kichwa changu kiko dirishani."

"Mama, anasema kichwa chake kiko dirishani."

Bi Tumpe alilitazama lile dirisha. Kisha akasema, "Mwambie na mimi nakiona."

Makoye naye alikuwa akipeleka salamu, ila alikuwa anazipunguza njiani. "Kaka, mkweo anasema unakoroma. Alivyosema mwenyewe ilikuwa ndefu, nimekutolea mifupa."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Kila wiki Mheshimiwa alileta wageni kutuona. Alipanda juu ya bomba la maji lililovunjika akatoa hotuba, akasema eneo letu ndilo dogo kuliko yote duniani lenye usalama kamili, kwamba uhalifu ni sifuri, kwamba asilimia mia moja ya wakazi wako shuleni na theluthi moja ni mawaziri. Wageni waliandika. Mmoja alimpa mbuzi biskuti.

*

Siku ya thelathini na tatu Bi Tumpe alikuwa ubaoni tangu asubuhi. Karibu na saa sita aliita, "Waziri. Njoo."

Makoye akaenda. Nami nikasogea, nikasimama mbali kama inavyopaswa.

"Mwambie huyo mkwe wangu," alisema Bi Tumpe, na kidole chake kilikuwa juu ya karatasi, "kifungu cha sita. Mtu yeyote aliyekutwa ndani siku eneo lilipotangazwa anaweza kutoka kwa miguu yake, bila kibali, bila kuuliza mtu, ndani ya siku kumi na nne."

Makoye hakuyapunguza. Alinigeukia akayarudia yote, neno kwa neno.

"Leo siku ya ngapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Thelathini na tatu."

Afande Kibasa alivua kofia. Alisoma ubao kwa macho ya mtu asiyejua kusoma, juu mpaka chini. "Kumbe ningewaachia," akasema. "Hata mimi sikuwa na haja na nyie."

Mheshimiwa alifika alasiri na mpiga picha. Alifurahi kweli. Alimshika Bi Tumpe mkono, akasema haya ndiyo matunda ya elimu, kwamba mama wa kijijini anasoma amri ya nchi kwa lugha ya dunia. Nikamwambia, kama kosa ni kutokusoma, basi sasa tumesoma, atuachie.

"Siku kumi na nne ziliwekwa kwa nia njema," akasema. "Hamkuzitumia. Serikali ikatafsiri kwamba mmependa kubaki."

"Hatukuweza kusoma."

"Andikeni rufaa mseme hivyo. Kwa Kiingereza."

"Tumefundishwa kusoma, hatujafundishwa kuandika."

"Kuandika ni muhula wa pili," akasema, kisha akashusha sauti kama ndugu. "Ngwatu, nikuambie ukweli. Akitoka mmoja mnabaki wawili. Wawili si eneo. Mwalimu anakosa kazi, Afande anakosa kazi, bendera inashuka. Wewe ni mwashi, umezoea kujenga. Unataka kuua eneo zima kwa sababu ya mgonjwa mmoja?"

Nikaangalia magari yake sita. Alikuwa ameongeza la saba.

*

Mama alifariki siku ya thelathini na nane, asubuhi. Nilijua kabla sijaambiwa, maana mkono haukuwepo dirishani na mke wangu alikuja kwenye kigingi bila ndoo.

"Alisema nini?" nikamuuliza.

"Aliuliza kama umerudi. Nikamwambia ndiyo."

Hakulia mbele ya Afande. Aligeuka akaenda.

Kaburi lilichimbwa kando ya nyumba, karibu na mlango, kwa hiyo hesabu ni ileile, hatua ishirini na saba. Watu wa Kizimbwi walikuja wote. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayetia udongo wa kwanza, viganja vitatu, na mpaka afanye hivyo hakuna mwingine anayegusa koleo. Mama aliteremshwa. Wakasimama. Hakuna aliyeniita. Waligeuza tu nyuso zao upande wangu, wakasubiri, jua likiwa kichwani.

Nilikwenda mpaka kwenye kigingi. Afande Kibasa alikuwa amesimama pale na daftari.

"Fundi, bunduki sitaitumia," alisema polepole. "Lakini ukivuka lazima niandike. Na kwa utaratibu mpya mmoja akitoroka wanaobaki ndio wanaojibu. Nikiandika wewe, nimewaandika na wao."

Niligeuka nyuma. Makoye alikuwa ameketi juu ya gunia lake, anaangalia chini. "Usiniulize mimi, kaka," alisema. "Mimi ni serikali."

Bi Tumpe alikuwa ameanza kutembea. Alitoka mwisho wa magharibi, akapita kwenye turubai, akapita ubao, akapita bendera iliyofungwa. Nilidhani anakwenda kwa Afande kumpa maneno. Alimpita Afande. Alikuja akasimama mbele yangu, karibu, akanitazama usoni. Nimemwoa binti yake miaka ishirini na miwili, sikuwa najua kwamba macho yake yamefanana na ya Mama Sijaona hivyo.

"Ngwatu mwanangu," akasema, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake. "Umenisindikiza vya kutosha. Rudi."

Nikarudi. Nilihesabu hatua, sijui kwa nini, ni kazi yangu kuhesabu. Watu wakanipisha. Nikapiga magoti nikatia kiganja cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mke wangu akanishika bega.

"Kaa," akasema. "Umeshafika, kaa."

Nikainua macho. Kule kwenye kigingi Afande Kibasa alikuwa anaandika, taratibu, kama mtu anayetaka kalamu iishe wino. Bi Tumpe alikuwa amesimama mbele yake peke yake, mikono mbele, akitaja jina lake kwa Kiingereza kama alivyofundishwa. Alikuwa mgeni wangu. Alikuja kumjulia hali mama yangu, na nyumbani kwake alikuwa hajafika.

"Mama yako yuko kule," nikamwambia mke wangu.

Akaondoa mkono wake begani kwangu.

Nilipovuka kigingi kurudi, Mheshimiwa Mtupila alikuwa keshafika. Akanisifu mbele ya kamera. Akasema mimi ni mfano wa mkazi aliyelipenda eneo lake mwenyewe, kwa hiari. Kisha akasoma adhabu. Hadhi ya "kwa Sasa" ikaondolewa, tukapewa hadhi ya Kudumu.

Kamba ya katani waliiacha kwenye mihogo. Imekauka, imerudi urefu wake, tunafungia mbuzi.

Basi hesabu ni hii. Mvua, siku tatu. Ardhi iliyozidi, hatua sitini. Siku ambazo njia ilikuwa wazi, kumi na nne, na hatukutumia hata moja. Siku ambazo mama aliniita, thelathini na nane. Kwenda, hatua ishirini na saba. Udongo, viganja vitatu. Kurudi, hatua ishirini na saba. Adhabu, Bi Tumpe miaka tisa, Makoye miaka tisa, mimi miaka tisa. Mama, mmoja.